Jinsi ya Kuweka Vipira vya Kuzuia Mtetemo Chini ya Wufa, Spika na Mashine ya Santuri

Maswali yanayonijia ni yale yale. "Nimeweka raba nne chini ya wufa na jirani bado anagonga dari lake kwa mpini wa ufagio, niliuziwa feki?" "Ampu nayo inataka?" "Si nikate tu tairi kuukuu?" Kazi yangu ni kufungia watu mitambo ya muziki majumbani hapa Nairobi, na mara nyingi maswali haya hunipata kwa simu nikiwa juu ya ngazi, drili mkononi. Haya basi majibu, kwa mpangilio wa kazi yenyewe.

Jina kwanza. Ukipita maduka ya elektroniki ya Luthuli Avenue utasikia "pedi za spika". Mimi nasema vipira, kwa sababu niliwahi kumtuma kijana wangu wa kazi akanunue "pedi nne" na akarudi na mfuko wa duka la dawa, kichwa chini, akiniuliza kama saizi ni sawa.

Vipira ni vipande vya mpira laini, povu zito au springi ndogo vinavyokaa kati ya kifaa na kile kilichokibeba, ili mtetemo usipite. Kwa wufa tunazuia mtetemo usishuke kwenye jengo. Kwa mashine ya santuri tunazuia mtetemo wa jengo usipande kwenye sindano. Spika za kawaida zina kidogo ya hili na kidogo ya lile.

KITU KIMOJA CHA KUELEWA KABLA YA KUTOA PESA

Kipira hufanya kazi kwa kubonyea. Kisipobonyea chini ya uzito wa kifaa chako, hata kama kimetoka ng'ambo na kina nembo ya dhahabu, umeweka jiwe.

Nililijua hili kwa aibu. Nikiishi ghorofa ya tatu Donholm, nilikwenda Kariokor kwa mafundi wa akala nikanunua vipande vinne vya tairi, vinene, vimekatwa sawasawa, vinapendeza. Nikaviweka chini ya wufa ya kilo 12. Jumamosi jioni mlango ukabishwa. Alikuwa mama wa nyumba ya chini, leso mabegani.

"Kijana, umenunua radio kubwa zaidi?"

"Hapana, mama. Ni ile ile."

"Basi mbona leo vikombe vyangu vinacheza kabatini? Wiki jana vilikuwa vimetulia."

Nilidhani ananionea. Siku iliyofuata nilishuka kwake kwa ruhusa, mke wangu akabaki juu akiendesha muziki, nikaweka kiganja kwenye kabati lile. Vilikuwa vinacheza. Nikaondoa vipande vya tairi, wufa ikakaa sakafuni moja kwa moja, vikombe vikatulia. Vile vipira vyangu vilikuwa vinaongeza tatizo.

Sababu ni hii. Tairi imetengenezwa kubeba gari. Ikibebeshwa robo ya kilo 12 hubonyea labda unene wa karatasi moja, na kila kipira kina mdundo wake kinachoupenda, unaotegemea kimebonyea kiasi gani:

Kikibonyea sehemu ya kumi ya milimita, mdundo wake ni karibu 50 Hz, yaani mitikisiko 50 kwa sekunde.
Kikibonyea mm 1, karibu 16 Hz.
Kikibonyea mm 2, karibu 11 Hz.
Kikibonyea mm 4, karibu 8 Hz.
Kikibonyea mm 10, karibu 5 Hz.

Mtetemo ulio karibu na namba hiyo hukuzwa. Kipira huanza kuzuia kuanzia kama mara moja na nusu ya namba hiyo kwenda juu, na kadiri unavyopanda ndivyo kinavyozuia zaidi. Sasa angalia: 50 Hz ndipo besi ya nyimbo nyingi inapogonga. Nilikuwa nimekipa kifua cha wufa kipaza sauti cha pili. Na kumbuka mpira ukitikiswa haraka huwa mgumu kuliko ukikaliwa tu, kwa hivyo namba halisi huwa juu kidogo ya hizi. Kwa wufa, lenga mm 2 au zaidi.

Nadharia imeishia hapo.

Jambo la pili si nadharia, ni onyo. Vipira huzuia mtetemo unaopita kwenye sakafu na kuta tu. Sauti inayosafiri hewani na kupita dirishani, chini ya mlango na hata kwenye slabu yenyewe, haijui kama una vipira. Ukitaka kucheza muziki kwa nguvu saa sita usiku bila mtu kusikia, hakuna raba ya kukusaidia.

ANDAA HIVI

- Mizani ya bafuni.
- Rula yenye milimita zinazosomeka vizuri.
- Kisu kikali cha kukatia katoni na kipande cha mbao cha kukatia juu yake.
- Pima maji ya fundi. Ya simu hutosha kwa wufa; kwa mashine ya santuri tafuta ya kweli.
- Kitambaa na maji ya sabuni kidogo.
- Simu yenye programu ya kutoa mlio wa Hz unazochagua. Mimi hutumia phyphox, ya chuo kikuu cha RWTH Aachen cha Ujerumani. Ni ya bure, inatoa mlio na pia inasoma mtikisiko wa simu yenyewe ikilazwa sakafuni.
- Kipande cha granaiti, si lazima. Nitaeleza.
- Mtu wa pili wa kuinua. Wufa haina mkono wa kushikia na mgongo wako hauna spea.

Kuhusu vipira vyenyewe, hapa ndipo watu hupotelea, kwa hivyo tukae kidogo.

Vile laini vya kununuliwa, vya aina ya Sorbothane na ndugu zake, huuzwa kwa uzito: kila saizi imeandikwa inabeba kutoka kilo ngapi hadi ngapi. Namba hiyo ndiyo bidhaa. Muuzaji akikuambia "hii inabeba kitu chochote", mrudishie. Kipira kilichoandikwa kilo 20 chini ya spika ya kilo 4 ni tairi yangu ya Kariokor kwa jina lingine.

Vikombe vya mpira vya kuweka chini ya mashine ya kufua vimejaa madukani, na wengi hunitumia picha zake. Mashine nyingi za kufua za mlango wa mbele huzidi kilo 50. Kwa spika, vingi ni vigumu mno.

Mauntingi za injini na bushi za Kirinyaga Road: fundi wa gari atakuapia kwamba hakuna kinachomeza mtetemo kama hizo. Ni kweli, zikibeba injini.

Mkeka wa povu wa watoto, ule wa kuunganishwa kama chemshabongo, na mkeka wa yoga wa mitumba, ni mali safi kwa anayeanza. Kosa ni kuuweka mzima chini ya kifaa. Uzito ukitawanyika kwenye eneo kubwa, povu halibonyei. Unakatwa vipande vidogo.

Sponji ya godoro la kawaida hubonyea hadi mwisho, na iliyobonyea hadi mwisho ni sakafu. Ile ya hai densiti inaweza kufaa ikiwekwa ubao juu yake, ila huchoka na kulala baada ya muda.

Mipira ya tenisi iliyokatwa nusu, mgongo juu, ni ya bei rahisi na inabonyea vizuri. Haipendezi macho. Iko chini ya wufa, nani ataiona?

KUWEKA CHINI YA WUFA, HATUA KWA HATUA

1. Pima uzito. Simama kwenye mizani peke yako, kisha ukiwa umebeba wufa, toa. Usitumie uzito ulioandikwa kwenye boksi. Mara nyingi huo ni wa seti nzima pamoja na spika ndogo na katoni.

2. Tafuta upande mzito. Inua mbele kwa kidole, kisha nyuma. Sumaku ya spika huvuta uzito mbele, transfoma huvuta nyuma au kando. Ukigawa uzito kwa nne na kuweka vipira sawa kila pembe, upande mzito utazama na wufa itaegemea. Kumbuka ni upande gani, tutauhitaji hatua ya 8.

3. Pima hali ilivyo sasa, kabla hujagusa kitu. Hatua hii watu wote huiruka, halafu wananiuliza kama vipira vimesaidia. Cheza mlio wa 30 Hz, kisha 40, 50, 60 na 80, sauti ya kawaida unayosikiliza, sekunde kumi kila mmoja. Andika namba ya volyumu. Keti sakafuni, kiganja kwenye taili nusu mita kutoka kwa wufa, uandike ni wapi panatikisika zaidi. Ukitaka kuona kwa macho, weka kikombe cha chai hapo sakafuni na uangalie viduara juu ya chai. Usipandishe volyumu sana kwa mlio wa namna hii. Mlio mmoja mfululizo huchosha koili ya spika kuliko muziki, na wufa ndogo zinaweza kuungua.

4. Safisha. Zima umeme, toa waya, laza wufa ubavuni juu ya blanketi. Futa chini yake na ufute sakafu. Vumbi la Nairobi kati ya mpira na taili hufanya kazi ya mafuta: wufa itatembea yenyewe ukutani.

5. Amua kama unaweka granaiti. Mafundi wa kaunta za jikoni hubaki na vipande. Kipande cha sentimita 40 kwa 40, unene sentimita 2, kina kama kilo 8 na nusu. Unaweka vipira chini ya granaiti, na wufa juu yake na miguu yake ya kawaida. Faida ni mbili: uzito ukiongezeka vipira hubonyea zaidi, na boksi halichezi kila besi inapopiga. Kama spika ya wufa yako inatazama chini, granaiti kwangu ni lazima, kwa sababu ile nafasi kati ya spika na sakafu ilipimwa na mtengenezaji. Ukiiinua kwa vipira peke yake unaibadilisha. Ukiweka granaiti, nafasi inabaki ile ile.

6. Kata vipira. Kwa mkeka wa povu au mpira wa unene wa mm 12, anza na vipande vinne vya sentimita 5 kwa 5. Kata kwa kisu kikali mara moja, usikate kwa makasi, yanaacha ukingo uliopinda. Pima unene wa kila kimoja kwa rula na uandike.

7. Weka vipira sentimita 2 au 3 ndani kutoka kila pembe. Usitumie gundi sasa. Teremsha wufa wima, wawili, bila kuiburuta. Ukiburuta, vipira vinajikunja na utapima uongo.

8. Acha usiku mmoja, kisha pima kila pembe kwa rula. Tofauti ya unene wa jana na wa leo ndiyo kubonyea. Hapa ndipo kazi ilipo.

Kama kimebonyea nusu milimita tu, punguza eneo. Sentimita 5 kwa 5 ikikatwa kuwa 2.5 kwa 2.5 ni robo ya eneo, kwa hivyo uzito ule ule unakibonyeza kama mara nne: karibu mm 2. Hiyo ndiyo siri yote ya kazi hii na haigharimu chochote zaidi ya kisu.

Kama kimebonyea zaidi ya sehemu ya tano ya unene wake, yaani zaidi ya mm 2.4 kwa kipira cha mm 12, kimezidiwa. Kitadumu muda mfupi na kitakuwa kigumu. Ongeza eneo, na kama hapo kubonyea kunashuka chini ya mm 2, weka vipira viwili kimoja juu ya kingine ili kila kimoja kichangie kubonyea kwake. Ila urefu wa mrundiko usizidi upana wake, la sivyo utayumba na kupinduka.

Kama pembe moja imezama kuliko nyingine, hapo ndipo ule upande mzito wa hatua ya 2. Upe kipira kipana zaidi. Usiupe kirefu zaidi.

9. Ondoa madaraja. Hili huharibu kazi nzuri kuliko kosa lingine lote. Kitu chochote kigumu kinachogusa wufa na jengo kwa pamoja ni daraja la mtetemo: mgongo wa boksi uliogusa ukuta, miguu ya kabati la TV iliyobanana na ubavu, waya nene uliovutwa ukakaza. Pitisha kiganja pande zote. Waya uache ulegee, ufanye tumbo.

10. Rudia hatua ya 3. Volyumu ile ile, mahali pale pale, kiganja pale pale. Ukiweza, mtu asimame nyumba ya chini mkiwa kwenye simu. Mimi nilimaliza na vipande vya mkeka wa watoto chini ya granaiti, na yule mama wa chini, ambaye kwa sasa tumezoeana, alisimama kando ya kabati lake na kuniambia kwenye simu: "Anza basi." Nilikuwa nimeanza dakika mbili zilizopita.

SPIKA ZA MEZANI NA ZA KUSIMAMA

Za mezani ni rahisi. Ni nyepesi, kwa hivyo vipira viwe vidogo na laini zaidi. Spika ya kilo 4 inahitaji vipande vya sentimita 1.5 hadi 2 tu vya povu. Utasikia tofauti mara moja kama meza ni ya mbao nyembamba au MDF, kwa sababu meza ilikuwa inaimba pamoja na spika. Sauti ya mwanamume anayesoma habari ni kipimo kizuri: kifua chake kikiwa kizito kama anaongea ndani ya pipa, hiyo ni meza. Povu lenye mteremko linaloelekeza spika sikioni husaidia pia, kwa sababu nyingine kabisa.

Za kusimama, zile ndefu, ziogope. Vipira laini chini ya kitu kirefu chembamba ni kukifanya kinesenese, na mtoto akikishika kujivutia juu kitamwangukia. Kama nyumba ina watoto, tumia vipira vigumu kidogo, ufunge spika juu ya ubao mpana kuliko yenyewe, na vipira viwe kwenye pembe za ubao. Ile misumari mirefu ya chuma inayokuja na spika haizuii mtetemo. Inashikilia spika imara juu ya zulia nene, basi. Kwenye taili itakuachia matobo.

MASHINE YA SANTURI

Sindano ya santuri inasoma mikwaruzo midogo kuliko unywele, kwa hivyo inasikia kila kitu: nyayo zako, mlango, gari la taka barabarani, na spika zako mwenyewe. Spika ikitikisa meza, meza hutikisa sindano, sindano huupeleka mtikisiko kwa ampu, ampu huurudisha kwa spika ukiwa mkubwa zaidi. Utasikia uvumo unaokua. Punguza volyumu haraka.

Pima hivi: mota ya sahani ikiwa imezimwa, weka sindano taratibu juu ya santuri iliyosimama. Anza volyumu chini kabisa, pandisha polepole, gonga meza kwa ncha ya kidole. Unachosikia kwenye spika ndicho unachopigana nacho.

Kabla ya kipira chochote, itoe mashine kwenye meza moja na spika. Nusu ya matatizo niliyoitiwa yaliisha hapo. Njia bora kuliko zote kwa nyumba zetu ni rafu ya ukutani: ukuta wa mawe ya Ndarugu wenye bolti mbili tatu nzuri hausikii nyayo. Ukuta wa jipsamu usihesabu.

Kama lazima ikae mezani, kuna mtego wa namba. Mkono wa sindano una mdundo wake, kwa kawaida kati ya 8 na 12 Hz. Vipira vilivyobonyea mm 2, vizuri sana kwa wufa, vina karibu 11 Hz, yaani palepale. Hapa unataka kwenda chini zaidi, 5 Hz au pungufu, na raba za kawaida hazifiki. Tyubu inafika:

1. Nunua tyubu ya baiskeli ya mtoto ya inchi 12, au ya wilibaro.
2. Ilaze mezani, valvu ikitazama nje uweze kuifikia.
3. Juu yake weka ubao na granaiti, na mashine juu ya granaiti.
4. Jaza upepo kidogo kidogo hadi ubao unyanyuke tu usiguse meza. Ukisukuma kwa kidole uelee polepole kama mtumbwi. Ukijaza hadi ikaze, umerudi kwenye tairi.
5. Sawazisha kwa pima maji, kwa kusogeza mashine, si kwa kuongeza upepo. Angalia tena kila wiki mbili, upepo hupungua.

Onyo: kama mashine yako tayari ina springi ndani na sahani yake hucheza ukiigusa, usiongeze kitu laini chini. Springi juu ya springi hugombana. Iweke juu ya kitu kizito na kigumu, au ukutani.

AMPU

Ampu ya kawaida ya transista haihitaji vipira ili isikike vizuri. Nasema hivi nikijua kuna watu watanuna. Sababu mbili tu za kuviweka: kwanza, kuinua ampu ili matundu ya chini yapumue, hasa ndani ya kabati, pili, mvumo wa transfoma. Umeme wetu ni wa 50 Hz na transfoma huvuma kwa 100 Hz. Rafu ya mbao nyembamba huuchukua na kuukuza, na vipira laini huukata. Ampu za valvu, zile zenye taa za kioo, ni habari nyingine, valvu zenyewe husikia mitikisiko. Usifungue ampu kukaza bolti ya transfoma kama hujafunzwa. Kapasita za ndani hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa waya.

MAMBO YAKIKATAA

Besi imepungua. Mara nyingi ulichopoteza ni sakafu au kabati lililokuwa likiimba pamoja na wufa. Sikiliza siku tatu kabla ya kuamua. Ukiona bado ni nyembamba, sogeza wufa karibu na ukuta, bila kuugusa.

Wufa inatembea. Vumbi, au vipira vimekauka. Osha kwa maji ya sabuni, kausha, rudisha.

Kitu bado kinalia "zzzz". Cheza mlio na upandishe polepole kutoka 30 hadi 120 Hz huku ukitembea na kushika vitu: grili ya dirisha, kioo cha kabati, fremu ya picha, bomba la pazia. Kitu kikinyamaza ukikishika, umempata mwizi. Kipande cha povu nyuma yake kinatosha. Nyumba moja South B tulitafuta saa nzima, kumbe ni funguo zilizoning'inia kwenye kitasa.

Mambo yamekuwa mabaya kuliko mwanzo. Vipira havijabonyea. Rudi hatua ya 8 na kisu.

Alama nyeusi kwenye taili au vanishi. Mpira mweusi huvuja mafuta yake polepole, na kwenye vanishi au teraso alama haitoki. Weka kipande cha taili nyembamba au plastiki ngumu kati ya kipira na sakafu, na ufanye hivyo kabla mwenye ploti hajaja kukagua nyumba ukihama.

Jirani bado analalamika. Mwombe asimame ndani kwake, halafu funga madirisha yako na mlango. Malalamiko yakipungua, ilikuwa hewa, na vipira vimefanya sehemu yao. Toa wufa kwenye pembe ya chumba, kwa sababu pembe huongeza besi, punguza kitufe cha besi kabla ya volyumu, na uangalie saa: kanuni za NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, za mwaka 2009 hazihusu kelele tu, zinataja na mtetemo uliopita kiasi, na kwao usiku huanza saa mbili. Nyumba nyingine slabu ni nyembamba na hakuna cha kufanya zaidi ya hapo isipokuwa kuongea naye.

Vilikuwa vinafanya kazi, sasa havifanyi. Chukua rula. Kama kipira cha povu kilichokuwa mm 12 sasa kina mm 7, na hakirudi ukikitoa chini ya mzigo, kimekufa. Kata vingine kwenye mkeka ule ule. Ndiyo maana nawaambia watu wasitupe vipande vilivyobaki.